Umaskini wa Kukodi

Kap! Kap! Kap-kap!

Muhuri ulikuwa ukilia nyuma ya pazia la maua, katika chumba cha mwisho cha saiba moja, duka la intaneti, pale Kona ya Musa, na kila ulipolia wazazi waliobanana kwenye benchi walitazamana. Hawakuona mkono wala karatasi. Walisikia tu, na kusikia kuliwatosha, maana kila mlio ulikuwa mtoto wa mwingine amepita na nafasi moja ya basari imekwenda na maji.

Nyuma ya pazia, Garama alikuwa akigonga gazeti la juzi. Muhuri wenyewe uliandikwa DAWA ZIMETOLEWA. Aliununua kwa mwenye duka la dawa aliyefilisika. Lakini muhuri usioonekana hausomeki. Garama, mtu wa Kaloleni aliyeingia Ukunda na mfuko mmoja wa nailoni na ulimi wa kuwatosha watu watatu, alikwisha kujifunza kwamba binadamu hulipia anachokisikia kuliko anachokiona. Aliwahi kuuza viwanja vya ufuoni ambavyo maji yakijaa hukaliwa na kaa. Aliwahi kuuza kazi za upishi katika meli ambayo haijaundwa. Msimu huu alikuwa mshauri wa elimu ya juu, na alivaa tai.

Fursa yenyewe aliiokota kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Ilitangazwa basari ya vyuo kwa watoto wa maskini: karo ya miaka mitatu, yote, bila kurudisha hata senti. Fomu ni bure. Kamati ya kata itazunguka nyumba kwa nyumba ione hali kwa macho yake. Ratiba ya ziara ilibandikwa nje ya ofisi, mahali ambapo kila mwenye macho angeweza kuisoma, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeisoma isipokuwa mbuzi mmoja aliyetafuna ukurasa wa pili. Garama akaipiga picha kwa simu. Tangu saa ile ratiba ikawa siri, na siri ina bei.

Wanyonge waliokuja na fomu zao aliwauzia mambo ya bure kwa shilingi mia mia. Hao hawakuwa riziki, walikuwa kachumbari. Nyama aliingoja, na nyama iliingia siku ya Jumatatu imevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykum salaam. Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye mlango wa basari."

"Mlango ni wa serikali, mzee. Mimi nashika ufunguo tu."

Mzee Dzombo akaketi, na kiti kikalalamika. Alikuwa Mdigo wa bara, upande wa Lunga Lunga, aliyeteremka Ukunda zamani na sasa ana duka la saruji na mabati, nyumba za kupangisha Diani, na tumbo ambalo lingeweza kusajiliwa kama mali isiyohamishika.

"Kijana wangu Swabir ameitwa chuoni," akasema. "Naitaka hii basari."

"Mzee, basari hii ni ya maskini."

"Kwani mimi nilizaliwa tajiri?"

"Una malori mangapi?"

"Matano. Moja bovu."

"Basi manne na msiba mmoja. Bado si maskini."

"Sikiza, kijana. Kodi nalipa mimi, basari wachukue wengine? Haki iko wapi?"

Mwenye malori matano akitaja haki, funga banda la kuku. Garama hakufunga chochote. Alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama mtu anayefikiria hatima ya taifa.

"Umesema kweli, mzee. Kosa lako ni moja tu: nyumba. Kamati itakuja nyumbani, na wewe una ghorofa."

"Ghorofa moja tu."

"Yenye vigae."

"Vigae vya bei nafuu, wallahi."

"Usiape, mzee, hapa tuko kazini. Tutafanya hivi: nitakukodishia umaskini. Nyumba ya makuti, jiko la mafiga matatu, mazingira yote. Wewe utakaa ndani asubuhi moja, kamati ikuone, ikuhurumie, iende zake. Elfu ishirini. Nusu leo, nusu kamati ikiondoka."

"Elfu ishirini kwa umaskini?" Mzee Dzombo alishtuka. "Umaskini umepanda hivyo?"

"Umaskini wenyewe ni rahisi. Ghali ni kuutoka baadaye."

Akatoa nusu. Jioni ile ile akaja wa pili: Beryl, msimamizi wa nyumba za wageni za ufuoni kule Galu, mwanamke wa kutoka Kisumu mwenye funguo za gari kidoleni na mtoto aliyeitwa chuo cha uhandisi. Yeye hakusumbua mtu kwa neno haki.

"Garama, ongea na mimi poa," alisema. "Niko na pesa, lakini sitaki kuitumia. Hiyo ni dhambi?"

"Hiyo ni akiba, madam."

Naye akatoa nusu. Garama akagonga muhuri mara mbili juu ya gazeti, kwa furaha tupu.

Sasa ilibaki kutafuta nyumba. Alikwenda Kibuyuni, karibu na Shimoni, mbali na macho ya Ukunda, akaanza kukagua umaskini kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Nyumba ya kwanza ilikuwa na sola juu ya paa, akaikataa. Ya pili ilikuwa na kochi jipya. Ya tatu ilifaa kwa kila kitu, lakini mwenyewe alikuwa mtu wa kuchekacheka, na umaskini unaocheka hauuziki. Ya nne ilikuwa ya Bi Chiku.

Bi Chiku alikuwa mjane wa Kidigo, mkulima wa mwani. Kwa wasiojua: mwani wa pale hufungwa vishada vishada kwenye kamba, kamba zikafungwa kwenye vigingi baharini maji yakiwa magotini, kisha ukavunwa na kuanikwa. Mwaka ule maji yalikuwa ya moto, mwani ukaungua, na kichanja chake cha kuanikia kilikuwa na mzigo usiojaza hata gunia. Binti yake, Twaiba, alikuwa ameketi kivulini akifunga vishada upya kwa vidole vya haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Wewe ni wa mikopo au wa siasa?"

"Mimi ni wa elimu." Akaanza kazi. "Paa linavuja?"

"Linavuja."

"Vizuri sana. Na choo?"

"Kilianguka mvua za mwaka jana."

"Mashallah. Kitanda?"

"Kimoja. Miguu mitatu. Wa nne ni tofali."

Garama akavua miwani, akaifuta. Hakuwahi kuona nyumba iliyotimia namna hii. Akaeleza haja yake kwa maneno laini: kuna waheshimiwa wawili, mmoja wao mwenye malori matano, wangependa kuazima makazi haya asubuhi ya Alhamisi, kwa shughuli ya kiofisi, na yeye atampa mama elfu moja kwa usumbufu.

Bi Chiku aliinua macho kulitazama paa lake.

"Yaani huu umaskini wangu una bei?"

"Una bei, mama."

"Na mimi miaka yote nimeulalia bure!"

Twaiba aliinua uso. "Kaka, ni ile basari ya vyuo? Mimi nimeitwa chuo cha uuguzi. Natakiwa kuripoti mwezi huu huu, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Fomu nimeipeleka mwenyewe, imebaki mstari mmoja tu. Basari inalipa karo peke yake, kwa hiyo wanataka ndugu mwenye uwezo aweke saini kwamba atanilisha na kunilipia malazi. Mwaka jana wasichana wawili wa hapa walilipiwa karo wakarudishwa na njaa. Sasa asiye na mdhamini hapiti."

"Na ndugu hatuna," akasema mama yake. "Nilikuwa na kaka mmoja, akafariki. Mwaka wa nane huu nyumba hii haina mjomba."

Hapa mtu mwenye akili angesikiliza. Garama alicheka puani.

"Fomu uliyoipeleka mwenyewe? Bila mshauri? Dada, hiyo inasomwa na mende."

Na jambo la kudharaulika kuliko yote ni kwamba aliamini. Miezi miwili alikuwa akiwaambia watu kwamba fomu isiyopita kwake haifiki popote, na uongo ukizoea kinywa hupanda kichwani ukajenga. Picha ya ratiba ilikuwa mfukoni mwake. Katika majina ya Kibuyuni lilikuwapo jina la Twaiba. Hakulitazama. Tapeli aliyeanza kujiamini ana faida gani?

Bi Chiku alikuwa amekwisha kuipokea ile elfu moja na kuikunja upindoni.

"Sharti langu ni moja," akasema. "Majirani zangu wana macho, na wana midomo. Wataniuliza hawa ni nani. Kila utakayemleta aseme ni ndugu yangu, tumbo moja. Aseme mwenyewe, kwa sauti, watu wasikie. Hapo hakuna atakayefungua kinywa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, baba."

Garama aliondoka akiwa anamwonea huruma. Angeweza kudai elfu tatu, mwanamke yule. Watu wengine hawajui bei zao.

Kesho yake akapeleka ofisi ya kata fomu za Dzombo na Beryl, zote mbili zikiwa na anwani ya nyumba ile. Alhamisi, saa mbili na nusu, alifika akakuta mikeka imetandikwa mbele ya nyumba na watu kama thelathini wameketi, wengi wao wanawake, na mbele kabisa bibi mmoja mkongwe aliyekinga sikio kwa kiganja.

"Hawa wote wa nini?" akamnong'oneza Bi Chiku.

"Ndugu zangu wanakuja, nisialike watu? Kwenu mnapokeaje ndugu, kwa kujificha?"

Kabla hajajibu, Mzee Dzombo akatokea njiani. Alikuwa amejitahidi. Shati lake lilikuwa limetobolewa kwa mkasi, matundu ya duara safi, yamepangwa pande mbili kama vishikizo. Shuka kuukuu ilimzunguka kiuno kwa taabu. Chini, kwa sababu hakuna aliyekumbuka miguu, alivaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, na harufu ya udi ilimtangulia kwa hatua kumi. Wanawake wakamtazama. Mmoja akaguna, mwingine akaanza kupiga makofi polepole, na wimbo ukazaliwa pale pale:

*Masikini kanenepa, kwa njaa gani jamani?*
*Tumbo lafika mapema, mwenyewe bado njiani!*

"Wanaimba nini hawa?" Mzee Dzombo aliuliza, akijikunja asionekane.

"Wanakukaribisha, mzee. Ingia ndani, ukae ukutani pale palipobomoka. Fanya uso wa mkopo."

"Mimi huwa nakopesha, sijui uso wake."

"Fanya uso wa wanaokuja kwako."

Hapo uso ukapatikana.

Kwa hesabu ya Garama, kamati ingemwona Dzombo mlango wa mbele, saa tatu. Ingekwenda Shimoni kunywa chai. Saa tano ingerudi, ipitishwe mlango wa nyuma, impate Beryl jikoni. Nyumba ile ile, ndiyo, lakini kwani kamati huangalia nyumba? Huangalia umaskini, na umaskini kwa macho ya mwenye gari una sura moja. Mpango ulikuwa mzuri mpaka saa mbili na dakika hamsini, Beryl alipochomoza vichakani, leso amejifunga kichwani kama mtu aliyevunjika taya, miwani ya jua bado usoni.

"Madam! Wewe ni saa tano!"

"Saa sita niko na wageni wa Italia wanaingia, Garama. Nitafanya hii umaskini sasa, ama unirudishie pesa."

"Ingia jikoni. Vua miwani. Upulize moto."

"Moto unapulizwa wapi?"

Gari la kata likasimama. Wakashuka watu watatu: karani, askari wa kata ambaye alibaki ameegemea mlango, na mwenyekiti wa kamati, Bi Jumwa, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye kalamu nyekundu. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na sita. Mtoto anayedanganya alimjua kwa namna anavyovuta pumzi.

"Hamjambo wenyeji."

"Hatujambo, mwalimu!"

"Tumekuja kumwona Twaiba, binti wa Bi Chiku."

Garama alitoa simu, akaikuza ile picha, na jina likamtazama. Mende, kumbe, walikuwa wamesoma na kupitisha.

"Samahani, mwalimu," akajitosa, maana mtu aliye majini huogelea, "pia kuna Mzee Dzombo hapa, mhitaji mkubwa. Na mama mmoja, Beryl, yupo jikoni."

Bi Jumwa akapekua fomu zake. "Nawaona. Dzombo, nyumba hii. Beryl, nyumba hii. Twaiba, nyumba hii. Familia tatu, vyumba viwili. Mzee, jitokeze."

Mzee Dzombo alitokeza akiinama, shuka mkononi.

"Kazi yako?"

"Mkulima, mwalimu. Mkulima hohehahe. Nalima huu mwani."

"Vizuri. Mwani hupandwa wakati gani?"

Mzee Dzombo, mwana wa bara, wa mahindi na ng'ombe, alitafakari. "Mvua za masika zikianza tu, unatia mbegu kwenye shimo, unafukia."

Kicheko kilichotoka kwenye mikeka kiliwarusha kuku. "Huko baharini anangoja mvua!" mtu akapiga kelele. "Mpe jembe aende akalime papa!"

Bi Jumwa hakucheka. "Bi Chiku, huyu ni nani wako?"

"Mwulize mwenyewe, mwalimu. Ana kinywa."

"Mzee, wewe na Bi Chiku mna udugu gani? Huyu Twaiba ni nani wako?"

Mzee Dzombo akafungua kinywa kusema alichofundishwa: ndugu, tumbo moja. Kisha akaiona mikeka. Akawaona wazee waliokuja na kofia zao nzuri. Akamwona msichana amesimamishwa katikati, na mama yake pembeni, mikono imekunjwa, ametulia kama mtu aliyekwisha kutega na sasa anangoja. Alikuwa mjinga wa mwani, lakini alikuwa Mdigo, na jasho likamtoka katika kila tundu la shati.

"Mimi?" akasema. "Mimi ni mpita njia. Niliingia kuomba maji."

"Na fomu yenye jina lako?"

"Majina hufanana, mwalimu."

Garama aliona nusu ya pili ya elfu ishirini ikifungasha virago. Na nusu ya Beryl nayo, maana kamati ikimkamata mmoja itamkamata wa pili. Hakuelewa mzee anaogopa nini. Kwao Kaloleni mjomba ni mgeni wa heshima: huchinjiwa kuku, hula paja, huaga. Neno jepesi hivyo linamshindaje mtu mzima?

Akasonga mbele, akapanua mikono.

"Mwalimu, msamehe mzee, ana haya. Umaskini hufanya hivyo. Ukweli ni kwamba sisi sote hapa ni ndugu zake Bi Chiku, tumbo moja. Mimi ndiye mkubwa wao kwa majukumu. Naitwa Garama, na huyu binti," akamwekea Twaiba mkono begani, "ni mpwa wangu. Mimi ndiye mjomba wake!"

Vigelegele vilipasuka. Bibi mkongwe alipiga makofi. Wazee wakanyanyuka kumpa mkono mmoja mmoja, na Garama akaupokea kila mkono kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kupendwa. Alidhani anapongezwa kwa hotuba.

Maskini wa Mungu. Kwa Wadigo damu huhesabiwa pia kwa tumbo la mama. Zamani mtu alimrithi mjomba wake kabla ya baba yake, na mjomba alibeba deni la mpwa, mahari ya mpwa, na kesi ya mpwa. Dini na mahakama zimebadilisha mengi, lakini hili halijabadilika: mwanamume akisimama mbele ya wazee na majirani akasema "mimi ni mjomba wa huyu," hajatoa salamu. Amejitwika. Mzee Dzombo alilijua hilo, akachagua kuitwa mpita njia katika nguo za matundu. Garama, mjanja wa Kona ya Musa, alijitwika mwenyewe, kwa sauti, akiwa amevaa tai.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Jumwa, na kalamu nyekundu ikateremka moja kwa moja mpaka kwenye mstari mmoja uliokuwa mtupu. "Fomu hii ilikosa mdhamini. Jina: Garama. Kitambulisho tafadhali. Na nambari ya simu."

"Mdhamini wa nini, mwalimu?"

"Wa malazi na chakula cha Twaiba, miaka mitatu. Karo tunalipa sisi. Yaliyobaki ni ya mjomba."

Garama akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Akamgeukia Bi Chiku, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri.

"Mama, mwambie mwalimu. Lile lilikuwa neno la… la ukarimu tu."

"Neno gani, kaka yangu?" Bi Chiku akauliza kwa upole.

"Mwalimu, kusema kweli mimi si mjomba hasa…"

"Si mjomba?" Bi Jumwa akainua macho. "Sawa. Basi nieleze wewe ni nani, na kwa nini umeandika watu wawili wenye uwezo katika nyumba ya mjane, kinyume cha onyo lililo chini ya fomu. Chagua pole pole, usikimbilie. Ukiwa mjomba, kalamu hii hapa. Usipokuwa mjomba, askari yule pale, na gari lina nafasi nyuma."

Askari akajinyoosha. Alikuwa na mwili wa mtu anayependa safari.

Garama alitafuta njia. Alikuwa amepenya mitego mingi mjini: polisi wa barabarani, wenye viwanja, mume mmoja mwenye panga. Ila hakuwahi kukutana na mtego usiokuwa na uongo ndani yake. Kila mtu pale alikuwa amesema kweli isipokuwa yeye na wateja wake. Jikoni, Beryl alikohoa kwa moshi, akachungulia, akaona askari.

"Mimi niko na wageni," akasema hewani, akapotelea vichakani, leso ikabaki imening'inia kwenye mti wa miba.

Garama alichukua kalamu. Saini ilitoka nzuri. Saini zake zilikuwa nzuri siku zote, hii tu ndiyo ya kwanza kuwa yake. Kalamu ilipoinuka, Twaiba aliketi chini ghafla, palepale mchangani, akafunika uso kwa mikono yenye chumvi.

"Na muhula wa kwanza," akasema karani, "chuo kinataka malazi kabla ya kuripoti. Unaweza kutuma kwa simu, mjomba. Mtandao hapa ni mzuri."

Zikaenda elfu kumi za Dzombo. Zikafuata za Beryl. Mzee Dzombo, aliyekuwa akinyemelea nyuma ya kichanja cha mwani, hakuvumilia.

"Wee Garama! Hizo si pesa zangu?"

"Mzee," Bi Chiku akamkatiza, "si umesema ni mpita njia? Mpita njia ana pesa gani kwangu? Maji yapo mtungini, kunywa uende salama."

Mzee Dzombo akanywa maji. Lingine la kufanya halikuwapo. Bi Jumwa alichora mstari mwekundu juu ya jina lake na la Beryl, mstari mnene, wa kufundishia. Mzee akaondoka na viatu vyake vinavyong'aa, na wimbo ukamsindikiza mpaka kwenye kona.

Garama akamsogelea Bi Chiku, sauti chini. "Mama, ulinitega mimi?"

"Wewe? Hata kidogo. Nilimtega mwenye malori, huyo ndiye ana nyama. Wewe uliingia mwenyewe ukakaa." Akamtazama toka tai mpaka viatu. "Nilitaka kanga, nikanasa mbweha. Si neno. Ngozi ya mbweha nayo ina bei."

"Na nikikimbia?"

"Utakimbia uende wapi? Jina lako liko kwa mwalimu, sura yako wameiona thelathini, na wapwa huongezeka. Kuna wasichana wawili hapa walirudishwa na njaa mwaka jana. Ukikimbia, nitawaambia wakutafute wote watatu." Kisha akaongeza, na safari hii hapakuwa na mzaha: "Mwanangu amefunga kamba zile tangu ana miaka tisa, Garama. Wewe umekuja kupangisha shida yake. Usiniambie habari ya kukimbia."

Wengi walimtukana Garama maishani mwake. Matusi aliyavaa kama koti. Haya hayakuwa matusi, na hayakumkaa.

Mzee mmoja wa kofia akapiga fimbo chini. "Saini ni ya serikali. Sisi hatujui kusoma saini. Mjomba amwambie mtoto kwa kinywa chake."

"Kwa kinywa!" wanawake wakaitikia.

Twaiba alisimama, akapangusa mchanga. Hakumlaumu, hakumshukuru. Alimtazama tu, kama muuguzi anayengoja mgonjwa aseme panapouma.

Garama akalegeza tai. Maneno, watumwa wake wa siku zote, yalimjia moja moja, mazito.

"Twaiba… mpwa wangu. Chakula chako na kitanda chako, kila muhula, nitalipa mimi."

Bibi mkongwe aliinama mbele, kiganja sikioni. "Amesema miaka mingapi?"

"Mitatu, bibi."

"Sisikii!"

"Mitatu!" Garama alipaza sauti, akiwa bado anamtazama msichana. "Naahidi, Twaiba. Yote mitatu."